Nina miaka 68, watoto wanasema nipumzike

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 68, naishi Ipuli hapa Tabora mjini. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi mvua zinaposhika ndiyo miezi ninayoipenda kuliko yote. Naamka kwa adhana ya alfajiri, natembea kama dakika 40 hadi shambani kwangu nje ya mji, siku nne kwa wiki. Naangalia miti inavyochipua, nalima kidogo kidogo, na mvua ya kwanza ikinyesha naingia porini na wenzangu kutafuta uyoga. Jioni tunamenya karanga za mbegu, Jumamosi kikoba, Jumapili kwaya. Presha ninayo, nameza dawa. Mwaka jana mwezi wa kumi nilishikwa na kizunguzungu nilipoinuka kutoka kwenye tuta, na siku hizi magoti yananiuma nikinyanyuka kwenye kigoda. Binti yangu aliyeko Mwanza anasema inatosha, niuze shamba niende kukaa kwake nipumzike. Naomba unieleze: najiumiza au najitunza?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Ahsante kwa kueleza kila kitu bila kuficha, hata hicho kizunguzungu ambacho akina mama wengi hukinyamazia wasije wakanyang'anywa jembe.

Nitangulize jibu, maelezo yafuate: unajitunza. Ukiuza shamba ukaenda kushinda kwenye kochi Mwanza, miguu inayokupeleka na kukurudisha sasa utaanza kuipoteza ndani ya wiki chache. Ila yapo mambo ya kurekebisha kabla matuta hayajaanza, na mawili kati yake, kizunguzungu na macho, si ya kungoja. La macho hukuniuliza. Nitakwambia kwa nini nalileta.

Hofu ya binti yako ina msingi. Anachoogopa ni simu ya kuambiwa mama ameanguka, nyonga imevunjika. Baada ya hedhi kukoma, mifupa ya mwanamke hupoteza uimara wake haraka, na mtu wa umri wako akivunjika nyonga mara nyingi harudi kutembea kama alivyokuwa. Hapo yuko sahihi kabisa. Anapokosea ni kwenye tiba. Ukijikwaa kwenye kisiki, kinachokuzuia usifike chini ni paja lenye nguvu na mguu unaowahi kupiga hatua ya kujiokoa. Paja hilo hulegea kwa kukaa. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ambapo wazee wenye afya njema walikubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa wagonjwa, walilala tu. Walipopimwa, nyama ya miguuni ilikuwa imepungua kwa karibu kilo moja. Siku 10 tu, mwalimu.

Habari njema ni kwamba nguvu hurudi ukiidai, hata uzeeni sana. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wazee dhaifu wa miaka 86 hadi 96 waliokuwa wakitunzwa kituoni. Baada ya wiki 8, nguvu ya mapaja ilikuwa imeongezeka zaidi ya maradufu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na wagonjwa wangu wengi ni wazee. Matokeo hayo ndiyo yanayonifanya nisikubali kirahisi mtu akiniambia bibi yake "amechoka tu, ni umri".

Sasa tupime ulichonacho. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu wa miaka 65 na kuendelea apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya kumtoa jasho kidogo, ile ambayo unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Dakika 40 kwenda na 40 kurudi, mara nne, ni 320. Umevuka. Lakini mwongozo huohuo unataka pia kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na mazoezi ya kujihimili usiyumbe siku tatu au zaidi. Hapo kutembea peke yake hakutoshi, na ndipo ulipo upungufu wako, kwa sababu jembe linakupa nguvu kwa msimu tu. Kuanzia Mei mpaka Septemba mapaja na mgongo vinafanya kazi ndogo, halafu mwezi wa kumi, mwezi wenye joto kali kuliko yote kwetu, unavidai kazi ya matuta kwa mpigo.

Kwa hiyo naomba uanze mapema, mwanzoni mwa Septemba, kabla ya kushika jembe. Chukua kiti cha kawaida cha mezani, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa, kunja mikono kifuani, simama wima kabisa, kaa tena taratibu. Mtu mwingine akuhesabie kwa saa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 65 hadi 69 akishindwa kufikisha mara 11 tunahesabu miguu imepungua nguvu na hatari ya kuanguka imepanda. Ukipata 11 au zaidi uko vizuri, na kipimo hichohicho kigeuze kuwa zoezi: mara 8 hadi 10, pumzika, rudia, asubuhi na jioni, siku moja ndani siku moja nje. Usishuke kwa kujibwaga. Paja linajengwa zaidi pale unaposhuka polepole.

Kigoda chako cha jikoni ni kazi nyingine kabisa. Kiko chini mno, na kunyanyuka pale kunalibana goti kuliko kunyanyuka kwenye kiti. Usikitupe, kiongeze kimo. Fundi wa mbao atakitengenezea miguu mirefu kidogo, au kunja kanga nzee uiweke juu. Unapotaka kusimama, sogea kwanza ukingoni, rudisha nyayo nyuma chini ya magoti, inamisha kifua mbele, ndipo usukume. Akina mama wengi wanasimama wakiwa wameacha miguu mbali mbele, mzigo wote unaangukia magotini, kisha wanalaumu umri.

Kwa kujihimili, simama karibu na ukuta, weka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mguu wa pili, vigusane, ukae hivyo sekunde 10. Ukishindwa, hilo ni jambo la kunieleza au kumweleza daktari wako, si la kuona aibu. Ukiweza, fanya kila unapongoja chai ichemke. Ukizoea, jaribu mguu mmoja huku kidole kikigusa ukuta.

Kuhusu magoti. Kwa ulivyoeleza, yanauma ukinyanyuka na si ukiwa umekaa, inaelekea ni kulika kwa viungo ambako wengi wetu tunakupata, ingawa lazima goti liguswe na kuangaliwa ndipo tuseme kwa uhakika. Tiba yake ya kwanza ni hiyohiyo ya kuimarisha mapaja. Maumivu madogo wakati wa zoezi yasikutishe yakiwa yanapoa siku hiyohiyo. Goti likiamka limevimba kesho yake, ulizidisha, punguza. Likivimba na kuwa la moto, likikuamsha usiku, au likikuachia ghafla ukiwa unatembea, nenda hospitali. Na tafadhali sana, usinunue diklofenaki duka la dawa ukaifanya rafiki wa msimu wa kilimo. Dawa za jamii hiyo hupandisha presha, huchubua tumbo, na zikikutana na baadhi ya dawa za presha ndani ya mwili uliokaukiwa maji hulemea figo. Mtu mwenye presha anayelima Oktoba ndiye hasa asiyetakiwa kuzimeza bila daktari kujua. Ukihitaji dawa ya maumivu, muulize daktari kuhusu parasetamo au dawa ya kupaka.

Sasa kizunguzungu, na hapa nitakaa kidogo.

Ulikuwa umeinama kwa muda, jua limepanda, ukainuka kwa haraka. Ukiinuka, damu hushuka miguuni, na mwili unatakiwa ubane mishipa mara moja ili kichwa kisikose. Uzeeni kazi hiyo hufanyika taratibu, na baadhi ya dawa za presha huichelewesha zaidi. Ukiwa huna maji ya kutosha mwilini ndiyo kabisa. Mambo matatu yamekutana kwenye tuta moja. Ukienda kliniki omba upimwe presha ukiwa umelala, kisha ukisimama, baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Ikishuka kwa 20 au zaidi kwenye ile namba ya juu, daktari atataka kuangalia upya dawa zako. Usizipunguze wala kuziacha mwenyewe. Wapo wanaoacha dawa kwa sababu "zinanizungusha", na presha isiyo na dawa inaweza kuishia kwenye kiharusi. Na kizunguzungu kikija pamoja na kifua kubana, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, au maneno kukwama, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Shambani fanya hivi: kabla ya kuinuka, weka goti moja chini, au kaa juu ya tuta, pindapinda vifundo vya miguu mara kumi hivi, ndipo usimame ukishikilia mpini. Nao mpini wenyewe uangalie. Jembe la mpini mfupi linakukunja mpaka uso unakaribia magoti. Mpini mrefu, ukisimama wima ufike karibu na kifua, unakuruhusu kulima kiuno kikiwa kimenyooka zaidi. Mwendo wa kulima utabadilika na siku za mwanzo utaona unachelewa. Vumilia. Wiki ya kwanza lima nusu saa tu, uongeze kila wiki, na saa nne asubuhi jembe liwe limelala. Matuta ambayo hukuyamaliza mpe kijana kibarua. Kuna wazee wanaona kuajiri kibarua ni kushindwa, lakini kazi inayokupa furaha ni ile ya asubuhi, udongo ukiwa bado wa baridi. Ile ya saa saba inakuumiza tu.

Halafu maji. Mtu akizeeka kiu hupungua makali, mwili unaishiwa na mdomo haudai. Kwa mwanamke wa umri wako tunataka angalau lita 1.6 za vinywaji kwa siku, ukichanganya maji, uji na chai, na siku za shamba iwe zaidi. Kunywa kikombe kikubwa kabla ya kutoka nyumbani, chukua chupa ya lita moja, na irudi tupu. Kama una tatizo la moyo au figo, kiasi hicho kipangwe na daktari wako.

Nakuomba radhi kwa ninalosema sasa, mama, lakini nalisema kwa sababu nalisikia kila siku faragha. Wanawake wengi wa umri wako hawanywi maji makusudi, kwa sababu mkojo unachuruzika wakikohoa, wakicheka au wakibeba ndoo, na shambani hakuna choo. Kama hilo si lako, mwambie jirani. Kama ni lako, linatibika. Kaza misuli ile unayotumia kuzuia mkojo na hewa, hesabu hadi tano, legeza kabisa, rudia mara nane hadi kumi, mara tatu kwa siku. Tumbo na makalio yasikazwe. Inahitaji karibu miezi mitatu kuona tofauti, kwa hiyo aliyeanza Septemba atakuwa ameanza kupata nafuu Krismasi ikifika.

Nije kwenye msitu, ambao naona ndiko moyo wako uliko.

Wageni hudhani miombo hufufuka kwa mvua. Wewe unajua haingoji. Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa kavu na nyasi zimeungua, mitundu na miuba inatoa majani mapya kwa maji iliyoyahifadhi kwenye shina na yale ya chini kabisa yanayofikiwa na mizizi. Majani yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine ya damu ya mzee, na baada ya wiki kadhaa yanageuka kijani. Mininga inavaa maua ya njano. Mvua ya kweli kwetu kwa kawaida ni Novemba. Kwa hiyo kuna kipindi kirefu ambacho mtu wa Tabora anatembea chini ya majani mapya huku vumbi likiwa bado linafuka miguuni, na sijui mahali pengine ambapo ningependa kuwa na miaka 68.

Ndiyo maana nauliza kuhusu macho. Mtoto wa jicho haanzi kwa giza. Mara nyingi huanza kwa kufifisha rangi: lenzi ya jicho hugeuka manjano kidogo kidogo, rangi zinapungua ukali, nyeupe inaonekana kama imepita moshi, na kwa sababu inakuja polepole mwenyewe hagundui. Msimu huu, ukisimama chini ya mtundu uliochipua, jiulize kama wekundu wake ni uleule wa zamani. Ziba jicho moja, kisha lingine, ulinganishe. Kama jicho moja linaona majani yamepauka, nenda ukapimwe macho. Upasuaji wa mtoto wa jicho huchukua muda mfupi na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Kwa mtafuta uyoga hili ni suala la uhai, maana wewe unautambua kwa rangi: rangi ya chini ya kofia, ya shina, ya pale unapoukata. Jicho lililofifia linaweza kumdanganya mtu mwenye ujuzi wa miaka 50. Kwa kupika sumu haitoki. Ile ya uyoga hatari kuliko yote haiharibiwi na moto wala kwa kukausha. Na dalili huchelewa. Mtu anakula mchana, anaanza kutapika na kuharisha usiku au kesho yake, kati ya saa 6 na 24 baadaye, kisha anapata nafuu ya uongo huku ini likiendelea kuharibika. Kwa hiyo shikeni utaratibu: kila mmoja anachuma ule anaoujua bila shaka yoyote, usio na uhakika hauingii kapuni hata kwa kubahatisha, na kabla ya kupika macho mawili mengine, ya aliye kijana zaidi, yaupitie. Bakizeni mmoja mmoja wa kila aina bila kupikwa mpaka kesho. Mtu akiugua, pelekeni na huo uyoga hospitali. Tumieni kikapu, si mfuko wa plastiki unaoupasha moto ukaoza. Ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu, wenye shina refu lililozama chini, hulimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu, na ni chakula kizuri kwelikweli.

Viatu: funga raba zenye soli yenye meno. Kandambili kwenye udongo uliolowa ni ajali inayokusubiri. Fimbo uwe nayo, ya kufunulia majani na ya kuegemea unapoinama. Mkiingia msitu wa ndani kwenye mbung'o, acha nguo za buluu na nyeusi nyumbani, rangi hizo huwavuta. Na msiende wawili wazee peke yenu. Wajukuu wapo likizo ya Desemba, wachukueni, wanahitaji kuijua miti hiyo kwa majina na hakuna mwalimu mwingine atakayewafundisha.

Jioni zenu za kumenya karanga nisingeziondoa kwa bei yoyote. Vidole vinafanya kazi ndogondogo, ulimi unafanya kubwa, na mtu anayezeeka katikati ya wenzake huugua na kunyong'onyea kidogo kuliko aliyejifungia. Hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na binti yako: Mwanza atakupa chumba kizuri, lakini mchana wote yeye yuko kazini na wewe humjui jirani. Kikoba na kwaya navyo viendelee. Kuimba ni zoezi la kifua.

Karanga zenyewe uzile. Misuli haijengwi kwa mazoezi bila protini, na wazee wengi hapa wanashiba ugali na mlenda tu. Mtu wa umri wako anahitaji takribani gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Ukiwa na kilo 60, ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina kama gramu 6, konzi ya karanga kama 7, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Gawanya kwenye milo yote, usilundike usiku. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyochemshwa na karanga za kutwanga ni kifungua kinywa ninachokisifu kuliko chai na andazi. Dagaa weka kwenye mboga mara nyingi uwezavyo, lakini osha chumvi vizuri kwa ajili ya presha. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua ya kwanza, wakaange uwale, wana protini na mafuta yao wenyewe, huna haja ya kuongeza. Maembe yakianza kuiva kula, ila kama una kisukari au hujawahi kupima, pima kwanza, na moja kwa wakati mmoja linatosha. Asali yetu ni nzuri na ni sukari. Kijiko kwenye uji hakina neno. Kichanga kisicho na mwaka mmoja usikilambishe hata tone, kuna vijidudu kwenye asali ambavyo tumbo lake haliviwezi na vinaweza kukilegeza mwili mzima.

Mweleze binti yako hivi. Badala ya nauli ya kukuhamisha, akununulie raba nzuri, simu ya vitufe inayokaa na chaji utembee nayo, na mashine ya kupimia presha ya mkono wa juu. Alipie kibarua wa wiki mbili za matuta. Aje Desemba, mwende naye shambani siku moja kwa miguu, aone mwendo wako kwa macho yake. Nyumbani afunge kishikizo ukutani chooni na taa kwenye njia ya kwenda huko, kwa sababu wazee wengi huanguka usiku wakienda chooni, na msitu watu wanausingizia bure. Ukitaka kumtembelea Mwanza, nenda Julai, mavuno yakiwa ndani, ukae mwezi mmoja, na uendelee na zoezi la kiti ukiwa huko.

Oktoba 1 ni Siku ya Wazee Duniani, na ni wakati mzuri kwako kwenda kliniki kabla ya matuta. Pitia dirisha la wazee, usipange foleni ndefu. Weka dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za duka na za mitishamba, uzimwage mezani kwa daktari. Omba mambo manne: presha ukilala na ukisimama, sukari, figo, na macho yote mawili. Mweleze kizunguzungu kilivyoanza, saa ngapi, na ulikuwa umekunywa nini asubuhi ile. Akikuandikia dawa mpya, muulize ni saa ngapi uimeze siku za kwenda shamba, hasa kama ni ile ya kukojoza maji, maana wengine huweza kuhamishiwa saa ambayo haitakusumbua njiani. Majibu ya presha ukilala na ukisimama yaandike kwenye daftari, uniletee nami niyaone.